Ufuo wa Ziwa Ndani ya Shimo la Choo

Swali: Mtaalamu, pokea salamu kutoka Mbaruk, upande huu wa maziwa ya Nakuru na Elementaita. Tunachimba choo kipya na fundi amefika futi 16. Juu kulikuwa na udongo mweusi futi 2, kisha udongo wa kijivu wenye vijiwe vyepesi vile vya kusugulia miguu. Kwenye futi 9 akakuta kitu cheupe kama unga wa ngano, chenye mistari ya kijivu, kikashuka karibu futi 4. Chini yake ni kokoto za mviringo, laini kama mayai ya kwale, na katikati yake konokono wawili wadogo weupe na kipande cheusi kinachong'aa kama chupa. Fundi anasema cheupe ni chokaa, tukiuze. Mzee wetu wa kanisa anasema hiyo ni gharika ya Nuhu. Binti yangu wa Gredi ya 6 ameniuliza maswali mpaka nimeishiwa: nani alileta kokoto za ziwani hapa kwetu, wakati simu inaonyesha tuko mita 1,840 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko kule chini? Na je, ziwa linaweza kurudi?

Jibu: Mama, salamu nimezipokea. Lakini kabla ya habari za ziwa, fundi asiteremke tena shimoni hadi usome aya hii. Udongo ule wa kijivu ni majivu ya volkano. Yakiwa makavu husimama wima kama ukuta na mchimbaji akayaamini. Yakilowa hayana cha kuyashika, humiminika kama sukari kutoka kwenye gunia lililotoboka. Mtu aliye futi 16 chini ana futi 7 za majivu hayo juu ya kichwa chake. Jengea mawe au teremsha pete za zege kwenye sehemu yote ya kijivu, sogeza udongo uliotolewa mbali na mdomo wa shimo, na asiachwe mtu chini bila mwingine juu anayemtazama. Anayechimba kile cheupe naye afunge pua na mdomo kwa barakoa, kwa sababu vumbi lake ni silika, kitu kilekile kinachotengenezewa kioo, na mapafu hayalipendi. Jambo la tatu: kokoto hupitisha maji haraka sana. Choo kikiishia kwenye kokoto, uchafu unaweza kusafiri hadi kwenye kisima cha jirani. Rudisha kokoto, rudisha na cheupe kiasi juu yake ukishindilie, choo kiishie humo.

Sasa tuje kwenye swali la binti.

Kile cheupe si chokaa, na unaweza kuthibitisha jikoni kwako. Weka kipande kidogo kwenye kisahani, kamulia ndimu. Chokaa hutoa povu na kuchemka. Chako kitanyonya maji ya ndimu kimya kimya kama sifongo. Kikwaruze kwa ukucha: kinavunjika kuwa unga laini usio na chembechembe za mchanga. Kilinganishe na jiwe la kawaida la ukubwa uleule, utaona ni chepesi ajabu. Jina lake ni diatomaiti. Fundi hajakosea peke yake. Upande huu wa Gilgil na Elementaita watu wengi hukiita chokaa. Kuhusu kukiuza, madini nchini ni mali ya taifa na kuyachimba kwa biashara kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2016, na futi 4 za shimo la choo hazimlipi mtu gharama ya kuitafuta leseni hiyo.

Diatomaiti imetengenezwa na viumbe. Ndani ya maji ya ziwa huishi mimea midogo sana ya jamii ya mwani iitwayo diatomu, kila mmoja umejifungia ndani ya kijisanduku cha silika chenye matundu yaliyopangwa kama nakshi za kikapu. Huwezi kuuona mmoja kwa macho, unahitaji hadubini. Ukifa, sehemu laini huoza na kijisanduku huzama. Vikizama kwa mamilioni, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo mto hauleti matope mengi ya kuvichafua, ndipo unapopata unga mweupe. Kwa hiyo binti yako anaposhika kile cheupe, ameshika makaburi ya viumbe wa majini, na hakuna kitu kingine kwenye shimo lenu kinachosema "ziwa" kwa sauti kubwa kuliko hicho. Ukitaka kuona tabaka kama hilo likiwa ukuta mzima, mpeleke Kariandusi, karibu na Gilgil. Kuna machimbo ya diatomaiti yenye kuta nyeupe zinazoumiza macho jua likiwaka, na karibu yake kuna eneo la makumbusho ambako mashoka ya mawe yaliyotengenezwa na watu wa kale, kati ya miaka 700,000 na milioni 1 iliyopita, yameachwa chini palepale yalipokutwa.

Nirudi shimoni, maana mpangilio ndio utamu wenyewe. Kilicho chini kiliwekwa kwanza. Mliandika kwamba kokoto ziko chini, kisha cheupe, kisha majivu. Huo ndio utaratibu wa maji yanayopanda polepole. Kokoto huwa laini kwa kusuguana, na kusuguana huko hutokea penye mawimbi au mkondo: ufukweni, au mahali mto unapoingia ziwani. Pale kokoto zilipo palikuwa ukingoni mwa maji. Baadaye ziwa likapanda, ukingo ukahamia juu zaidi, na ua wenu ukawa katikati ya kina kirefu ambako mawimbi hayafiki chini. Kimya hicho ndicho kinachohitajika ili vijisanduku vya diatomu vitulie. Ile mistari ya kijivu ndani ya cheupe, kwa kawaida, ni siku ambazo volkano ya karibu ilirusha majivu yakaanguka juu ya maji na kuzama, au misimu ya mvua kubwa iliyoleta tope. Halafu ziwa likapungua, pakawa pakavu, na majivu yaliyofuata yakatua juu ya nchi kavu pamoja na vijiwe vya kusugulia miguu. Udongo mweusi wa juu, unaolimia mahindi, ni majivu hayohayo yaliyochanganyika na mizizi na majani yaliyooza kwa miaka mingi.

Kwa hili namheshimu mzee wa kanisa, na yale anayosadiki sitayagusa. Ninachoweza kusema ni kile ambacho shimo lenyewe linaonyesha. Umeona mafuriko ya Nyando yakishuka tambarare ya Kano? Huacha nyuma vurugu: matope, magogo, mawe makubwa na madogo, viatu, vyote vimechanganyika katika tabaka moja. Kwako kila kitu kimechambuliwa: kokoto na kokoto, unga na unga. Na unga ule haujengeki kwa siku 40. Tukadirie kwa ukarimu kwamba milimita 1 ilitua kila mwaka. Futi 4 ni takriban milimita 1,200. Hiyo ni miaka 1,200 ya maji tulivu juu ya mahali unapofulia nguo. Mpe binti rula na kalamu afanye hesabu hiyo mwenyewe, atakumbuka kuliko nikimwambia mimi.

Maji yote hayo yalitoka wapi? Hapa inabidi tutazame umbo la nchi. Ukisimama Mbaruk, magharibi unauona ukuta wa Mau na mashariki kuna miinuko ya Bahati na, nyuma yake, Nyandarua. Kati ya kuta hizo ardhi ilizama. Upande wa mashariki wa Afrika unavutwa taratibu kutoka kwa bara lililobaki, milimita chache tu kwa mwaka, na katikati ya mvutano huo ukoko wa dunia ulipasuka na sakafu ikashuka kwa vipande. Mwanajiolojia John Walter Gregory alifika huku mwaka 1893 na kuonyesha kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto. Lilishuka kati ya nyufa mbili. Jina Bonde la Ufa limebeba maelezo hayo.

Bonde la namna hiyo ni karai. Mito inayoshuka kutoka Mau na Bahati inaingia Nakuru na Elementaita, lakini hakuna mto unaotoka kwenda baharini. Maji huondoka kwa kunyonywa na jua na kuvuja chini kidogo. Chumvi na magadi haviendi popote, hubaki, ndiyo maana maji ya maziwa hayo mawili ni machungu na heroe huyapenda. Karai lisilo na tundu lina tabia moja: mvua ikizidi kidogo tu ya kile ambacho jua linanyonya, na ikizidi kwa miaka mingi mfululizo, maji hupanda bila kitu cha kuyazuia.

Na mvua ilizidi. Kati ya takriban miaka 15,000 na 5,000 iliyopita, Afrika ya kaskazini na mashariki ilikuwa na mvua nyingi kuliko leo. Hata Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa. Sababu iko angani. Dunia huyumba kama pia ya watoto inapozunguka, na myumbo mmoja huchukua takriban miaka 26,000. Katika kipindi kile, myumbo huo ulifanya jua la kiangazi cha upande wa kaskazini kuwa kali zaidi, joto likavuta upepo wenye unyevu kutoka baharini, na mvua zikaingia ndani ya bara. Nakuru na Elementaita zikaungana kuwa ziwa moja. Fuo zake za juu kabisa zipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,940, takriban mita 180 juu ya usawa wa Ziwa Nakuru tunaoujua.

Chukua namba ya simu yako, mita 1,840. Toa kutoka 1,940. Juu ya ua wako palikuwa na mita 100 za maji. Jengo la KICC kule Nairobi lina mita 105. Ukilisimamisha penye shimo lako, lingebaki nje mita 5 tu. Katikati ya mji wa Nakuru, palipo karibu na mita 1,850, pangekuwa chini ya maji vilevile. Kilima cha Hyrax Hill, kando ya barabara kuu unapoingia mjini kutoka Nairobi, kilikuwa kisiwa, au rasi iliyoingia majini. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, na leo ni makumbusho ambayo mtoto wa shule anaweza kuyamaliza kwa saa mbili. Mwambie mwelekezi awaonyeshe mahali ufuo wa zamani ulipokuwa. Maji mengi kiasi hicho hayakuwa machungu. Aina za diatomu zilizobaki kwenye mashapo ya wakati ule ni za maji matamu.

Niongeze tahadhari moja ya kisomi. Ziwa lile la juzijuzi, kwa lugha yetu ya mawe, halikuwa la kwanza. Karai hili limejaa na kukauka mara nyingi, na diatomaiti ya Kariandusi ni ya ziwa lingine la zamani zaidi kwa mamia ya maelfu ya miaka. Kwa hiyo rangi nyeupe peke yake haitoi umri. Umri hutolewa na majivu, kwa kuwa ndani yake mna chembe za madini ambazo maabara huweza kupima zilipoa lini. Ndiyo maana nakusihi usitupe majivu ya ile mistari ya kijivu. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kwenye karatasi ya nailoni, kilichoandikwa kina chake kwa futi, kina thamani kuliko gunia zima la unga mweupe.

Majivu yenyewe yana mama yake. Ukiwa Mbaruk unaweza kuuona mgongo wa Menengai kaskazini-magharibi. Huko juu, ukingoni, chini yako kuna shimo la kilomita 12 kwa 8, lenye kina cha karibu mita 500. Watu hudhani shimo hilo lililipuliwa kama bomu. Lilizama. Mlima ulirusha nje lava na majivu kwa wingi kiasi kwamba ghala la chini likabaki tupu, na paa, yaani kilele cha mlima, likaporomoka ndani. Hayo yalitokea takriban miaka 30,000 iliyopita, ingawa milipuko midogo iliendelea baadaye, hivyo majivu yenu yanaweza kuwa machanga kuliko hapo. Majivu yake yametandaza sehemu kubwa ya Nakuru, na volkano nyingine kama Eburru nazo zimechangia. Vijiwe vya kusugulia miguu ni povu la lava lililoganda. Yale matundu ni ya gesi, kama matundu ndani ya mandazi. Joto halijaisha: mvuke wa Menengai sasa unachimbiwa visima vya umeme. Na tabia ya majivu kusombwa na maji, ile niliyokuonya mwanzoni, ndiyo hiyohiyo iliyokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok mwezi Machi 2018. Mvua kubwa ilipita chini, ikasomba majivu yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani, na ardhi ya juu ikadidimia.

Sasa konokono. Usiwakamulie ndimu! Ganda lao ni chokaa halisi, litachemka mpaka liishe. Wafunge kwenye pamba. Ganda lililokaa ardhini hivi tunaliita kisukuku, hata kama halijawa jiwe kamili. Kisukuku ni mabaki au alama yoyote ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ardhini, pamoja na nyayo na alama ya jani. Ukiwa na lenzi, aina ya konokono inakuambia kama maji yalikuwa matamu au ya chumvi.

Binti yako hakuuliza swali ambalo watoto huniuliza shuleni kila mara, nami nalijibu kwa kuwa litamfikia tu: mbona mbuzi tuliyemzika nyuma ya nyumba hageuki kuwa jiwe? Kwa sababu karibu kila kitu kinashindana kummaliza. Fisi na mbwa wakimkosa, mchwa na bakteria hawamkosi, na maji ya mvua yanayopita kwenye majani yaliyooza yana asidi kidogo inayoyeyusha mfupa. Ili mfupa udumu, unahitaji kufunikwa haraka na kitu kisicho na asidi, kisha maji yenye madini yapite polepole na kujaza vinyweleo vyake hadi uwe mzito kama jiwe. Mahali pazuri pa kuliona hilo ni Rusinga, kule Homa Bay. Miaka milioni 18 hivi iliyopita pale palikuwa na volkano kubwa, Kisingiri, na majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi kuliko majivu ya kawaida. Chokaa hiyo iliua asidi. Mifupa, mbegu, matunda, konokono, hata magogo ya miti yakahifadhika. Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota pale fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani wasio na mkia, na fuvu lile lilibadilisha namna dunia ilivyoelewa ukoo wa sokwe na wanadamu. Mashamba ya majivu ya Nakuru hayana chokaa ya namna hiyo, ndiyo maana konokono wako wawili ni bahati.

Kipande cheusi nacho kitunze vizuri. Ni kioo cha volkano, lava iliyopoa haraka hata ikakosa muda wa kuunda chembe. Eburru kuna nyingi, na watu wa kale wa bonde hili walikipenda kwa kuwa makali yake yanashinda kisu. Lakini si kila kipande ni kisu cha mtu. Kioo hiki huvunjika chenyewe kikigongana na mawe. Kiangalie hivi: kama kimegongwa na mkono, upande mmoja laini utakuwa na kinundu kama titi la ndimu, chini tu ya pale kilipopigwa, na ukingoni kutakuwa na mapengo madogo yaliyofuatana, kama mtu aliyenoa. Ukiviona vyote viwili, pigeni picha kipande kikiwa kando ya rula, andikeni kina na upande wa shimo, muwapelekee watu wa makumbusho ya Hyrax Hill. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inataka vitu kama hivi vitolewe taarifa. Msikioshe kwa sabuni.

Swali la mwisho, lile la ziwa kurudi, najua halikutoka hewani. Mmeona wenyewe. Miaka ya 1990 sehemu kubwa ya Ziwa Nakuru ilikauka, upepo ukawa unapeperusha vumbi jeupe la magadi. Kisha kuanzia mwaka 2010 hivi maji yakapanda, kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60 kufikia 2020. Lango kuu la hifadhi likafunikwa, migunga ya manjano ikafia ndani ya maji ikiwa imesimama, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Aliyeliona ziwa la miaka ya 1990 na la leo ameona kwa macho yake tabia ya karai. Wala si Nakuru pekee: hata Ziwa Victoria, ambalo ndugu zetu wa Kisumu hawawezi kulifikiria bila maji, lilikauka zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, kabla ya zile mvua kulijaza upya.

Ila hesabu iko upande wako. Ziwa Elementaita liko karibu na mita 1,776 na Ziwa Nakuru karibu na 1,760. Kupanda kote kulikowahamisha watu na lango katika miaka hii ni mita chache tu, na kuliwatosha kwa sababu kingo za Nakuru ni tambarare mno. Ili maji yaguse choo chako yatapaswa kupanda karibu mita 60. Wenye wasiwasi halali ni waliojenga chini kule kwenye tambarare ya ziwa. Ninyi jengeeni shimo mawe kabla ya mvua, na konokono wale wawili binti ampelekee mwalimu wake Jumatatu, wakiwa kwenye pamba.